Ombi Nililolificha Jina

Bwana apewe sifa! Leo niitikieni polepole, ndugu zangu, maana nimesimama hapa na aibu yangu.

Mimi Mwende ni mlinzi wa getini kule Al Quoz, hapa hapa Dubai. Mwenzangu kazini alinifundisha biashara ya hisa kwenye simu. Ni hivi: asubuhi unaazima hisa za kampuni kwa dalali, unaziuza. Bei ikishuka unazinunua tena kwa bei nafuu, unamrudishia kabla soko halijafungwa siku hiyo hiyo, na kinachobaki ni chako. Ikipanda umekwisha, maana kupanda hakuna mwisho. Basi kutwa nzima unatamani wengine waanguke. Na mimi, mtu wa maombi, nikaizoea!

Nikailenga kampuni moja ya hoteli. Jumapili nikasimama hapa hapa nikasema, "Wapendwa, kuna ngome mbele yangu, nataka ianguke." Mkadhani ni ya shetani! Mkapaza sauti, "Ianguke! Ianguke!" Aliyewashinda wote kwa kelele ni Dada Nafula, anayefua mashuka ya hoteli za kampuni hiyo hiyo. Nilijua anakofanya kazi, na nikanyamaza.

Kesho yake nikauza. Adhuhuri ikatangazwa kwamba hoteli kadhaa zinafungwa, bei ikaporomoka. Nikarukaruka getini, "Asante Yesu!" Simu ikalia. Ni Nafula, analia.

"Mwende, madam wa kazini ametuambia khalas, kazi imekwisha, visa zinakatwa. Niombee, kampuni isimame!"

"Naomba, dada."

Kumbe macho yangu yako kwenye bei, nangoja ishuke kidogo tena ndipo ninunue. Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo!

Jumapili iliyofuata Nafula akalileta ombi lake hapa. Mkaitikia, "Isimame!" Mdomo wangu ukakataa, kwa kuwa kesho yake nilipanga kuiuza tena. Nikatoka nje nikalia. Akanifuata kunibembeleza, akidhani namlilia yeye. Nikamweleza yote.

Akasema, "Yaani ile ianguke niliyoipigia kelele, ilikuwa ni mimi?"

Hapo Bwana alinivunja, na hapo akanifungua. Biashara ile nimeifuta kwenye simu. Faida nilimpelekea Nafula, akaikataa, na sikumlaumu.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu, anampokea hata mwenye aibu kama mimi. Ila msimpelekee ombi mliloficha jina. Langu leo nalitaja. Yule pale nyuma, bado hana kazi, na siku za visa yake zinayoyoma. Nyosheni mikono, semeni nami: Nafula asimame!