Simu Yenye Watu Ndani

Benchi la mbao lililo mbele ya kibanda cha fundi viatu linatosha watu wanne, mradi asiwepo wa kukunja miguu, na kila asubuhi saa mbili haijafika huwa limeshajaa. Mwenye kibanda ni Kiraka, anayeshona viatu huku akibishana, na mkono wake haukosei. Kushoto kwake hukaa Stempu, tarishi mstaafu aliyegawa barua miaka thelathini kwa baiskeli. Wa tatu ni Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye shule aliiacha mapema ila ubishi aliuhitimu. Wa nne ni Kilomita, dereva, ambaye hukaa hapo kati ya safari na safari, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na jambo. Kahawa humimina Dada Birika, mwanamke asiye na muda wa upuuzi, lakini hapitwi na hata mmoja.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kilomita huwachukua wagonjwa wa figo majumbani na kuwafikisha kwenye kituo cha kusafishia damu, na huko kila mgonjwa ana saa yake ya mashine. Ukichelewa umejipunja, maana nyuma yako yupo mwingine anayesubiri. Tangu aanze kazi hiyo ramani yake ilikuwa benchi hili hili: akikwama mtaa asioujua, humpigia Stempu kwa simu yake ya vitufe, anaweka sauti ya nje, na kijiwe kizima kinamwelekeza. Wiki iliyopita walimpoteza. Mama mmoja mzee alifika dakika arobaini baada ya saa yake, miguu imemvimba, na hakutoa neno la lawama. Kilomita angefurahi kutukanwa. Jana yake msimamizi wa kituo alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba baada ya siku mbili aje na simu inayoonyesha njia, la sivyo funguo apewe dereva mwingine.

— Kwanza tukubaliane nani alimpoteza, alianza Kiraka, sindano mdomoni.

— Mimi nilimwambia akate kushoto kwenye kiwanda cha sabuni, alisema Stempu. Nina kosa gani?

— Kiwanda kilishavunjwa, mzee wangu. Mwaka wa kumi huu!

— Sasa mimi ningejuaje? Barua zao nilikuwa nafikisha, hazikuwahi kurudi hata moja.

Kilomita alicheka. Akachomoa karatasi mfukoni.

— Jamani, nisaidieni. Dukani wamenionyesha tatu. Moja ina kioo kipana. Moja kioo chake kidogo, ila betri yake inakaa siku mbili. Ya tatu imetumika, shemeji yangu ananiachia. Nachukua ipi?

— Ya kioo kipana, alisema Profesa, bila hata kupumua. Kioo kikiwa kipana, simu inaona mbali.

— Simu haioni, we Profesa, alisema Kiraka. Inaonyesha.

— Itaonyeshaje kitu isichokiona? Nijibu hapo!

Hapo hapo Profesa akajihesabia ushindi, akanyoosha kidole angani.

— Kuna setilaiti huko juu, aliendelea. Zile zinapokezana zamu, kama walinzi. Saa sita mchana inatoka moja inaingia nyingine. Wakati wa kupokezana, dereva usikate kona yoyote. Nenda moja kwa moja mpaka ya pili ikae sawa.

— Na kama mbele kuna ukuta? aliuliza Dada Birika.

— Unasimama. Nani kakwambia uugonge?

— Wagonjwa wake wanaanza saa kumi na mbili asubuhi, alisema Kiraka. Hiyo saa sita yako ni ya nani? Sikiliza, Kilomita, chukua ya betri. Ramani inakula chaji sana. Halafu utaiweka mbele ya usukani, jua linaipiga, inachemka, inazima uko njia panda. Ununue na waya wa kuchajia garini, na kile kishikio chake.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya maana asubuhi hiyo, na Kilomita akayaandika. Kiraka alivyoona anaandikwa, kichwa kikamvimba.

— Tena usiinunue umekaa, alisema. Simu ya njia inunuliwe mtu anatembea. Ukiinunua umekaa kwenye kiti cha dukani, itazoea kukaa. Utaiambia twende, itakuambia umeshafika.

— Hilo kweli, alisema Profesa. Na ya shemeji usiguse kabisa. Ile imeshazoea njia zake. Utaiambia hospitali, itakupeleka kwa mama mkwe.

— Mama mkwe wa nani?

— Wa shemeji! Uende ukaeleze umefuata nini pale.

Stempu hakucheka. Alikuwa anazungushazungusha kikombe chake.

— Mimi nasema zote tatu hazifai, alisema. Simu inajua barabara, watu haiwajui. Mimi nilikuwa najua nyumba yenye mbwa, najua nani haamki mapema, najua yule mama mwenye figo geti lake linafunguliwa kwa kusukumwa chini. Simu imewahi kumwamkia nani?

Kilomita akamtazama mzee wa watu, na moyo ukamwuma. Miezi minane Stempu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, simu kifuani, asije akapigiwa akakosekana. Hakuna aliyemlipa wala kumwomba. Na yeye Kilomita hajawahi hata kusema ahsante. Kila siku husema tu, haya nimefika, akakata.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara, mkoba begani, akasimama mbele ya benchi.

— Hamjambo wazee. Namtafuta dereva, wanamwita Kilomita.

Kilomita hakuwahi kuonana naye, ila sura ile aliijua. Alikuwa binti wa yule mama aliyecheleweshwa. Akainuka.

— Ndiyo mimi, dada. Kuhusu ile siku, nisamehe sana. Mama anaendeleaje?

— Hajambo. Yeye ndiye kanituma. Kasikia kituoni kwamba unabadilisha simu, usiku kucha hana raha.

— Mwambie asiwe na wasiwasi, hatachelewa tena.

— Si kuchelewa, kaka. Akatabasamu, aibu kidogo. Mama siku za mashine alikuwa hataki hata kuinuka kitandani. Tulikuwa tunambembeleza mpaka tunalia. Sasa anaamka mwenyewe, anavaa, anakaa mlangoni kukusubiri. Anasema gari lako lina simu yenye watu ndani. Mmoja anasema kata kushoto, mwingine anasema usimsikilize huyo, na wa tatu anaeleza mambo ya mbinguni. Anacheka mpaka anafika, na akirudi anatusimulia.

Kiraka akatoa sindano mdomoni.

— Ndiyo kanituma niulize, alisema yule mwanamke. Hiyo simu mpya, nayo ina watu?

Kiraka akainamia kiatu. Dada Birika aliinua birika lake amimine, lakini kahawa ilikuwa imekwisha, naye akabaki amelishika.

Kilomita alitaka kusema neno zuri, la kukumbukwa, halikuja.

— Jamani ahsanteni, alisema. Nimechelewa kusema. Ahsanteni sana. Mzee Stempu, wewe hasa.

— Aa, ya nini hayo, alisema Stempu, na uso akaugeuzia ukutani, akajipangusa kwa kiganja.

Kisha akageuka, akaichukua ile karatasi mkononi mwa Kilomita, akaisoma juu mpaka chini kama anwani ya bahasha.

— Humu hawajaandika ipi ina sauti kubwa, alisema. Kaulize hiyo. Ramani ifanye kazi yake, asichelewe tena, ila sisi tupigie vilevile. Yule mama anakaa kiti cha nyuma, na masikio yake si ya ujana.