Mama Gia na Pikipiki Iliyokataa Kuanguka

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupeleka damu kwa pikipiki, Mama Gia wa Benki ya Damu alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Kofia yake ngumu bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Alianza hapa kama mfagizi. Siku moja dereva hakutokea, na hospitali ya upande wa pili ilikuwa ikilia damu kwa ajili ya mzazi aliyekuwa kwenye meza ya upasuaji. Mfagizi akauliza funguo ziko wapi. Alirudi na matope hadi kwenye nyusi, mtoto keshazaliwa, mama mzima, na ufagio ukatafutiwa mtu mwingine. Tangu hapo amesafiri kwa mvua na jua, akigombana na askari wa barabarani, na mbuzi, na mkurugenzi mmoja aliyetaka lifti wakati damu imeshafungwa kwenye kiti cha nyuma. Mkurugenzi alitembea kwa miguu.

Sasa hiyo pikipiki. Msidhani ni ya kubebea mikate. Ni dubwana la chuma, zito kuliko wanaume watatu walioshiba. Siku za matengenezo tulikuwa tunatoka ofisini wanne, tunavua makoti na kuiinua kwa kelele nyingi, huku Mama Gia akitusimamia kama mkwe mkali. Uongozi ulipoamua kumzawadia dubwana hilo, alifurahi hadi akatafuta pa kukaa.

Nyumbani habari ilipokewa vingine. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole anayeongea huku pini ziko mdomoni. Miaka yote ameiita pikipiki hiyo "mume mwenzangu", na utani huo ulikuwa na mfupa ndani. Kaka yake aliwahi kuangukiwa na pikipiki akiitengeneza peke yake, na mguu wake haukupona tena. Mama Gia naye amefanyiwa upasuaji wa goti. Kazini tulikuwepo sisi wa kuinua. Nyumbani atainua nani? Basi Mzee akatoa sharti: mkewe aiinue mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani, atoe gurudumu la nyuma, kisha yeye aitikise. Ikisimama, inabaki. Ikianguka, inauzwa. Mama Gia alikubali papo hapo, kwa majivuno kidogo, tuseme ukweli.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, akiwa bado kazini, alitualika tushuhudie ushindi. Akaingiza jeki ya gari chini ya injini, akapampu, magurudumu yakaachana na sakafu, tukapiga makofi. Mzee akaja na vidole viwili tu, akaisukuma kwenye kiti. Puu! Bahati nzuri, alikuwa ametandaza godoro la wageni pembeni, kwa sababu aliijua kesi kabla ya hukumu. Mama Gia akaomba nafasi moja zaidi, akapewa.

Jumamosi ya pili alikuja na akili badala ya kiburi. Alilaza ubao mwembamba sakafuni, akasogeza gurudumu la nyuma juu yake, akakanyaga stendi ya katikati kwa uzito wake wote. Dubwana likapanda lenyewe, wala mgongo haukulia. Hiyo ndiyo siri, jamani: ubao ndio unaoinua, wewe unasaidia tu. Gurudumu likatoka. Mzee akatikisa kushoto, akatikisa kulia, kimya. Tukaanza kushangilia. Ndipo akazunguka nyuma akasukuma kuelekea mbele, na lo, breki ya mbele haikuwa imefungwa! Pikipiki ikateleza, stendi ikakunjika, dubwana likakaa chini kwa makalio.

Hakubishana. Jumatatu alituambia kwenye chai kwamba ataurudishia uongozi funguo ili iuzwe, kwa kuwa neno ni neno. Wiki ile hakutania mtu, hata mhasibu. Iliuma kumtazama.

Na Mzee, aliyeshinda, hakuufurahia ushindi. Ametuambia mwenyewe kwamba hakuwahi kuichukia ile pikipiki. Alichoogopa ni kurudi siku moja kutoka kununua nyuzi, akute nyumba haina mke. Basi akachukua futi yake ya kitambaa, akaingia gerejini, akaipima pikipiki bega hadi bega kama mteja wa suti. Akashona mikanda ya turubai la lori, mshono juu ya mshono, hadi sindano zikaisha dukani kwa jirani. Mmoja wetu alilalamika kwamba sasa refa anafunga mabao. Mzee akajibu kuwa mechi ni yake na mke ni wake.

Jumamosi ya tatu, baada ya Mzee kumpa mikanda hiyo na nafasi nyingine, Mama Gia alianza upya bila haraka. Ubao, kisha stendi. Breki ya mbele akaibana kwa mkanda mfupi. Mikanda mirefu miwili akaifunga kutoka kwenye usukani hadi kwenye boriti, huku na huku, na chini ya fremu akaweka jeki yenye kipande cha mbao. Akaitikisa yeye mwenyewe kwanza, ndipo akatoa gurudumu. Mzee akaja. Akasukuma pembeni, mbele, nyuma. Akaegemea. Mwishowe akaning'inia mzima mzima, viatu vikiachana na sakafu. Haikusogea! Tulipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani.

Mama Gia, asante. Wapo watu wanaotembea mjini leo bila kujua kwamba damu yao ilipita mikononi mwako. Tulikupenda na ukali wako wote, na stoo imepoa bila wewe. Pumzika, ukiweza, na njia iwe nyeupe kwenu wawili.

Kwenu wawili, ndiyo. Maana tulipoondoka gerejini siku ile, Mama Gia alikuwa ameketi kwenye kigoda akipaka grisi, na Mzee ameketi sakafuni kando yake akimpa spana. Mzee hakumwambia atoke. Alimuuliza tu safari ya kwanza ni ya wapi, na yeye, akipanda nyuma, ashike wapi.