Betri Nne za Mama wa Igunga

Asubuhi ile kwenye benchi la kahawa la mtaa wa Mtendeni walikuwepo Mzee Abdulatifu na birika lake la kahawa. Twalibu fundi redio, ambaye benchi limembatiza Shoti. Ngassa dereva wa lori la mpunga, anayeitwa Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Na Shamila, mtoto mgongoni, boksi la mashine ya presha mkononi. Alikuwa anampelekea mama yake Igunga, na basi lilikuwa linaondoka saa nne. Juzi mama huyo alizimia njiani akitoka kisimani, na nesi akasema apimwe asubuhi na jioni. Mashine ilitaka betri nne. Shamila hakukaa, alisimama akimbembeleza mtoto ambaye wala hakuwa analia.

— Shikamoo mzee. Jamani, ninunue betri za kuchaji au za kutupa?

— Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu, akasema Mzee Abdulatifu, akimpulizia kahawa ipoe.

— Za kuchaji, dada, akasema Shoti. Unanunua mara moja, umemaliza.

— Thubutu! akadakia Breki. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Unachaji, unachaji, mwisho linabaki ganda.

— Hiyo methali ya walafi, Breki.

— Kwani betri haili umeme?

— Kwa mama hakuna umeme, akasema Shamila. Kuna sola ya jirani tu.

— Si nilisema? Za kutupa! Zikichoka anazianika juani, anaziuma kidogo, zinaamka.

— Mgonjwa aume betri? akashangaa Shoti.

— Mimi za tochi naziuma toka Igunga mpaka Nzega!

Shoti akashusha sauti.

— Dada, usidanganyike. Za kutupa zikikaribia kuisha zinaingia uvivu. Presha mia na themanini, zenyewe zinaandika mia na kumi.

— Na zako za kuchaji zina kumbukumbu, ulisema mwenyewe juzi! Jirani akipimwa leo, kesho zinamkumbuka jirani. Mama wa watu anameza dawa za jirani!

Shamila alicheka kidogo, akahamishia boksi mkono wa pili. Honi ya basi ilisikika upande wa stendi.

— Mbili za kuchaji, mbili za kutupa, akaamua Mzee Abdulatifu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hakuna aliyeelewa nyoka kaingiaje, ila wote walitikisa vichwa kukubali. Shoti, huku bado anabisha, alifungua redio yake akamwekea Shamila betri mbili kiganjani. Breki akanuna, akaikamua tochi yake, akaongeza mbili.

Hapo akasogea mwanamke mwenye beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, Eustadia wa mtaa wa Cheyo, ambaye hakuwahi kukaa benchi lile ila alikuwa akiwasikiliza toka pembeni. Alitua mzigo, akamsaidia Shamila kukaza kanga ya mtoto.

— Samahani. Huyo mama anajua kusoma namba?

— Hapana, akajibu Shamila. Hakupelekwa shule.

— Na anaishi na nani?

— Peke yake.

— Sasa mashine ikishaandika, nani atamsomea?

Shoti alimtazama Breki. Breki alisimama, akatoa funguo za lori mfukoni. Mzee Abdulatifu aliinamisha birika juu ya kikombe, yakatoka machicha ya kahawa matupu.

Basi liliondoka saa nne bila Shamila. Kesho yake jioni lori la Breki liliingia Mtendeni, mama yake Shamila amekaa kiti cha mbele, na tangu siku hiyo anaishi kwa binti yake.