Dkt. Moliehi Ramokoatsi na Damu ya Mwanamke wa Kumi na Tatu

Wafiwa wenzangu, majirani wa Ha Ntšasa, mchungaji, na wageni mliovuka mpaka kuja kumzika, naomba mnisikilize. Mimi ni Likeleli, mdogo wake marehemu. Mjomba Sekhonyana aliupitia wasifu huu jana, akanisihi nilainishe sehemu tatu. Nimelainisha moja.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1969, hapa hapa Ha Ntšasa, wilaya ya Qacha's Nek, mtoto wa kwanza wa baba yetu, Ntate Tlelaka Sekoati, na mama yetu. Wazazi walimngoja miaka saba, ndiyo maana wakamwita Moliehi, aliyechelewa. Mwaka 1972 akazaliwa kaka yetu Mohapi, na mwaka 1975 nikafuata mimi.

Shule ya msingi aliisoma kijijini, na kuanzia darasa la tano alikwenda na Mohapi mgongoni. Mohapi alikuwa na mashavu ya miguu yaliyojaa kama ya mcheza mpira, lakini akikaa chini hakuweza kusimama bila kujisukuma kwa mikono kwenye mapaja yake. Mwalimu Phakisi akaona ni uvivu. "Miguu yote hii, halafu anatuchezea," alisema. Akampa dawa: kila asubuhi apandishwe mlimani, ateremke mwenyewe na ndoo ya maji, mpaka akomae. Mohapi hakukomaa. Akiwa na miaka kumi hakutembea tena, na tarehe 2 Septemba 1989 tulimzika pale, kaburi la tatu kutoka ukutani. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Moliehi alifaulu sekondari, akapata shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Roma, hapa hapa nchini, kisha akavuka mpaka kusomea fiziolojia ya misuli hadi uzamivu. Aliporudi na cheti alikwenda kwanza kwa Mwalimu Phakisi, wakati huo amestaafu, akamweleza. Mtu anapoteremka, alisema, msuli wa paja unavutwa huku umekaza, na hapo ndipo unapochanika. Msuli mzima unajiponya kwa siku chache. Msuli kama wa Mohapi hauna kile kinachoushika ukuta wake, kwa hiyo kila mteremko unaubomoa zaidi. Mwalimu akauliza, "Mbona hukuniambia wakati ule?"

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu. Na nilikuambia."

Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na Ntate Khabane Ramokoatsi, daktari wa mifugo. Shemeji husimulia mwenyewe kwamba marehemu alimshika shavu la mguu kabla hajamshika mkono, akasema, "Hii ni nyama safi, sina maswali." Walijaliwa binti mmoja, Reitumetse, mwaka 1999. Walipendana bila kelele, na shemeji alimpikia papa na moroho, yaani ugali na mboga za majani, kila Jumapili ili yeye aandike.

Kuhusu kazi yake, nitasema lile ambalo mjomba hakutaka. Mwaka 2006 aliwachukua wanawake kumi na wawili wa vijiji hivi, sita kutoka familia zenye watoto wa kiume wagonjwa kama Mohapi, sita kutoka familia zisizo nao. Ugonjwa ule hurithiwa kupitia kwa mama, naye alitaka kujua kama wanawake wanaoubeba nao wanaumia. Wote walitolewa damu, wakapandishwa mlimani kwa gari, wakashuka kwa miguu na unga kilo kumi na mbili na nusu kila mmoja. Walimcheka sana. "Daktari mzima, umesoma miaka yote hiyo uje utazame watu wakishuka?" Baada ya siku mbili hawakucheka. Mama mmoja, 'M'e 'Mamotena, aliyekaa pale mbele na blanketi la kijani, alimwambia, "Jana nilikaa chooni nikashindwa kuinuka, nikamwita baba watoto aje anivute. Liandike na hilo." Aliliandika.

Mimi alinibembeleza niwe wa kumi na tatu. Nikakataa, naogopa sindano. Basi akashuka yeye mwenyewe. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa na uchafu wa misuli iliyochanika mara tisa ya kiwango cha kawaida, na hiyo ni damu iliyotolewa kabla hajashuka hata hatua moja. Mkuu wa maabara, ambaye simtaji, alisema, "Sampuli imeharibika. Itupe." Ikarudiwa, ikatoka vilevile. "Basi umefanya kazi nzito wiki hii." Akamfuta kwenye jedwali. Makala ikachapishwa ikiwa na damu ya watu kumi na wawili tu, ikasema kwamba misuli ya mama na dada za wagonjwa haina tofauti na ya wanawake wengine. Dada yangu alitia sahihi. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja na mtoto wa miaka saba. Baadaye aliliandikia jarida mara nne akiomba lisahihishe. Likamjibu kwamba damu ya mtu mmoja haitoshi. Lile neno lilimkaa rohoni mpaka mwisho.

Mjomba aliomba niandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Samahani, mjomba. Aliugua miaka mitano, na miaka hiyo yote alipigwa danadana. Mwaka 2019 miguu ilianza kuvimba, akawa analala ameketi. Hospitali, nayo siitaji, ikamwambia ni wasiwasi. Mwaka 2021 ikamwambia ni umri, hedhi inakoma. Mwaka 2023 ikamwambia apunguze kula ugali. Mara zote tatu aliomba apimwe moyo, kwa sababu alijua kwamba ugonjwa uleule uliomla Mohapi misuli unaweza kuula moyo wa mwanamke pole pole, miguu yake ikiwa bado inatembea. Safari ya tatu mimi nilikuwepo. Daktari kijana, mpole kabisa, alimwambia, "'M'e, ugonjwa huu ni wa wavulana. Kwa wanawake unapita tu. Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu." Akamsogezea karatasi.

Dada aliitazama. "Hii niliiandika mimi, mwanangu," akasema. "Kuna mtu mmoja ameondolewa humu. Ni mimi."

Kijana alidhani anataniwa. Akampangia kipimo tarehe 20 Agosti 2024.

Moliehi alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, amekaa kitini akisahihisha kazi za wanafunzi. Shemeji aliomba mwili uchunguzwe. Barua ya uchunguzi ninayo hapa mfukoni. Inasema moyo ulitanuka ukajaa makovu, na kwamba makovu hayo ni ya ugonjwa wa Mohapi. Nina hasira, ndugu zangu, na sioni aibu kuwa nayo mbele ya jeneza lake.

Marehemu ameacha mume, Ntate Khabane. Ameacha binti, Reitumetse, mwenye miaka ishirini na mitano, ambaye moyo wake haujapimwa. Ameacha mdogo wake, mimi Likeleli, sijapimwa. Ameacha wapwa wawili, Nyakallo na Bonang, binti zangu, hawajapimwa; Bonang anacheza mpira wa pete na wiki iliyopita alikaa chini katikati ya mchezo akasema amechoka tu. Ameacha mama yetu mdogo, 'M'e 'Matumelo, miaka sabini na minane, hajapimwa.

Jumanne ijayo, tarehe 18, sisi watano tutakuwa kwenye mlango wa hospitali ile saa moja asubuhi, na barua hii. Wakituambia ni wasiwasi, tutakaa. Wakituambia turudi Agosti, tutakaa. Na safari hii mkono wa kwanza kwenye sindano utakuwa wangu.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi bado tuko kwenye foleni.