Mazishi ya Friji

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa mke wangu Odessa kuniita jikoni nimfungulie kopo la pichi. Nilipofika alikuwa ameshaanguka, na hakuinuka tena. Hiyo ilikuwa Mei. Mwezi Machi alikuwa ameigiza katika kichekesho cha ile chaneli ya katuni za watu wazima, hapa hapa Atlanta, ambayo siku hizi hutengeneza pia vipindi vya watu halisi: alikuwa mmoja wa waombolezaji kwenye mazishi ya friji. Kipindi kilipangiwa alfajiri ya Ijumaa. Kwa hiyo Alhamisi, kwenye benchi nje ya duka la kinyozi, barabara ya Cascade, kahawa ilinywewa kwa habari hiyo tu. Mimi nilitaka kujua jambo moja: kama wamemwacha ndani ya kipindi.

— Wamemkata, Profesa, alisema Shemasi, ambaye hajawahi kuwa shemasi. — Uniwie radhi. Mwenyewe ulituambia aliitazama kamera. Mwigizaji wa nyongeza akiitazama kamera, kwisha habari yake.

— Hiyo sheria ya sinema za maana, alidakia Tairi, fundi magari mstaafu. — Hawa wanazika friji, kaka! Sheria gani?

— Friji lilikuwa na mjane. Sheria ipo.

— Haya, niambie. Chaneli ya katuni inatafuta nini kwa watu?

— Kubana matumizi. Kila kidole cha katuni sharti kichorwe. Mtu anakuja na vidole vyake kutoka nyumbani.

— Mimi nasema hao si watu. Wamechorwa, ila safari hii wamechorwa vizuri.

— Odessa Tinsley amechorwa? Yule aliyenitoa kwenye kwaya?

— Nasema wengine, bwana! Wewe nawe.

— Basi chukua hii, alisema Shemasi. — Vipindi hivyo havikutengenezwa kwa ajili yetu. Katuni ndizo zinazovitazama. Zinatoka kazini usiku wa manane, zimechoka, zinataka burudani.

— Katuni zikapumzike kwa kutazama watu wakizika friji?

— Wewe ukitoka kazini ulikuwa ukitazama nini?

Tairi alifikiri.

— Katuni, alikiri.

— Umeona?

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akimsubiri mumewe anyolewe, aligeuka.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mama aliijua sheria ya kamera?

— Aliijua, alisema Shemasi. — Waliambiwa wote, tena kwa kipaza sauti.

— Sasa alikuwa akimtazama nani?

Mimi nililijua jibu, kwa sababu siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha, nimemshikia Odessa mkoba wake. Nikawaaga, nikaenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi, kipindi kikiwa kimeshajirekodi kwenye king'amuzi, niliwasha televisheni. Friji lilishushwa kaburini kwa kamba, mlango ukafunguka, mchungaji akaufunga kwa mguu. Waombolezaji wakalia. Odessa alikuwemo, safu ya pili, kofia ya zambarau. Kilio chake walikuwa wamekiondoa, wakaweka honi ya lori. Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Kisha akainua kichwa, akanitazama, na mimi nikampungia mkono.