Ukurasa Uliokatwa

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mshonaji alimfunulia jarida kuukuu mzee aliyeketi naye. "Nimeliagiza mtandaoni, baba. Muuzaji alinionyesha jalada tu, kumbe ukurasa wa picha za wasomaji waliotafuta marafiki wa kalamu umekatwa kwa mkasi." Mzee akacheka kidogo. "Ndivyo tufanyavyo sisi wauza vitabu chakavu, mwanangu. Picha nzuri tunaiuza peke yake. Dai hela zako."

"Hela za nini? Marehemu dada yangu alikuwemo humo. Picha yake nyingine hatuna."

Mzee akajikuna kidevu. Nadhani alitaka kumfariji. "Basi kuna mtu kamtundika ukutani, anamwangalia kila siku."

"Anamwitaje?"

Basi likasimama kituo cha njiani. Mzee akashuka, ingawa tiketi niliyoiona mkononi mwake ilikuwa ya kituo cha mwisho.