Mashine ya Ujerumani ya Mtaa wa Uhuru

Benchi letu liko Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Uhuru, mbele ya duka la vitambaa la Mzee Salem, na lina wanaume wanaojua kila kitu isipokuwa kile wanachokizungumzia. Profesa ni fundi simu. Shahada yake hatujaiona. Kamati Kuu, jina lake halisi Marcelino, anauza mabegi na habari zake zote zinatoka "juu". Ridhiwani anauza kahawa na hasemi kitu. Jumamosi saa kumi alasiri nilifika na jambo moja tu: Ruqaya, binti wa Mzee Salem na rafiki yangu tangu darasa la kwanza, anazindua albamu yake ya kwanza saa kumi na mbili, ukumbini Mnazi Mmoja. Kiti cha mbele kimeandikwa jina la baba yake. Na baba mpaka saa hiyo hajasema ndiyo wala hapana.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mheshimiwa, wakajibu. Wananiita hivyo kwa sababu ya midahalo ya chuo.

— Ami Salem, Ruqaya kanituma nikuchukue.

Mzee Salem: Nikafanye nini? Muziki wenyewe wa mashine.

Profesa: Mzee kasema kweli. Huo muziki hauna mpigaji. Unabonyeza, unatoka, kama friji inavyotoa barafu.

Mimi: Friji yako imeshatunga nyimbo ngapi, Profesa?

Kamati Kuu: Nina taarifa kutoka juu. Kuna prodyuza Buguruni, kafanya kila kitu. Binti kaitwa, kaimba, kasepa.

Mimi: Anaitwa nani huyo prodyuza?

Kamati Kuu: Jina limehifadhiwa kwa usalama wake.

Nikawageukia wote.

Mimi: Miaka mitano iliyopita Ruqaya alikuwa anapiga kinanda kwenye kichenpati, anaimba nyimbo za watu za kuwalilia wanaume, na nyie mkamsifu. Leo katunga tisa za kwake, hakuna hata moja inayomlilia mtu, ndiyo mmegundua kuna mwanaume nyuma yake?

Profesa: Mwanaume hayupo. Ni Ulaya. Kuna mama anaimba kule, sauti inapita kwenye waya chini ya bahari, inaibukia Magogoni, inapanda pantoni na abiria. Ruqaya anafungua mdomo tu.

Nikatoa simu, nikaweka wimbo wa kwanza. Ulianza na mlio mkavu, ti-ti, ta, ti-ti, ta. Kinanda kikaingia chini yake polepole, kama mtu anayevua viatu mlangoni, kisha sauti ya Ruqaya.

Profesa akainua kidole.

Profesa: Huo mlio! Mashine ya Ujerumani hiyo. Fundi nawaambia, hakuna mkono wa binadamu unaogonga hivyo.

Mzee Salem akashusha pumzi.

— Mheshimiwa, mwambie namtakia kheri.

Nimeshinda midahalo mingi, lakini huo sikuushinda. Nikazima simu.

Kumbe kulikuwa na mteja, dada Agnesi, amesimama muda wote na kipande cha kitambaa, anatafuta kingine kinachofanana nacho.

— Samahani jamani, simu si imezimwa?

— Imezimwa, nikajibu.

— Sasa hiyo mashine ya Ujerumani mbona bado inalia?

Benchi zima likageuka. Nyuma yetu Ridhiwani alikuwa anagonganisha vikombe kiganjani, anaita wateja, kama kila siku. Ti-ti, ta. Alipoona tunamkodolea macho, akaacha. Hata mimi, niliyejifanya wakili wa Ruqaya, sikuwahi kuuliza ule mlio kautoa wapi.

Mzee Salem: Mwaka mzima Ruqaya alikuwa anakaa hapa, kashika simu karibu na vikombe, kumbe anarekodi. Nikamgombeza. Nikamwambia acha kuchezea simu, uza vitambaa.

Kamati Kuu: Basi imethibitika. Prodyuza ni Ridhiwani.

Nilifungua mdomo nimmalize, Mzee akaniwahi.

— Marcelino, nyamaza.

Akavuta mlango wa duka chini, saa kumi na nusu, Jumamosi, siku ya biashara.

— Dada, njoo Jumatatu.

— Mzee, harusi yenyewe kesho!

Akaufungua, akamkatia mita tatu bila kubishana bei, akafunga tena.

— Ridhiwani, twende.

Ridhiwani akabeba birika. Profesa akanyoosha kikombe.

— Na kahawa yetu?

— Imeisha, akasema Ridhiwani. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile, na la uongo, maana tulipovuka barabara kwenda Mnazi Mmoja, kahawa ilikuwa bado inacheza ndani ya birika.